Umri wa Miti Elfu Arobaini

3 Aprili

Mdogo wangu Mbishi,

Salamu zikufikie ukiwa mzima wewe, mkeo na wanao, pamoja na miti yako ambayo najua unaipenda kuwazidi wote hao. Mimi sina neno. Ijumaa nilikabidhi funguo za wodi ya wazazi baada ya miaka thelathini na mitatu. Wenzangu walinizawadia saa ya ukutani, kana kwamba sasa ndipo nitahitaji kujua saa. Niliwacheka, nikaenda kulia chooni peke yangu, nikarudi kula keki.

Nakuandikia kwa sababu simu huko bondeni kwenu hukatika kila ninapofika kwenye jambo la maana, na jambo hili lina tarakimu. Kiinua mgongo changu kimetoka: milioni arobaini. Pensheni ya kila mwezi itatosha umeme na maji, basi. Hizo arobaini ndizo zitakazonilisha mpaka mwisho, na wewe unajua wanawake wa ukoo wetu hawana haraka ya kufa.

Sasa nasikia kampuni yako inauza hisa mpya ili ijenge jengo la kupakia matunda, na mwisho wa kununua ni tarehe 30 Juni. Nikaenda kwa dalali wa hisa, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, ofisi yake iko juu ya duka la vitasa. Akanipa ukurasa mmoja wa mizania. Macho yangu yakatua hapa: mikopo ya muda mrefu, bilioni tatu. Mbishi! Nilimuuliza kama hawakukosea sifuri. Akasema hawakukosea.

Unajua tulivyolelewa. Mama yetu akiazima chumvi anairudisha kabla mchuzi haujachemka, na sisi tukipeleka tunakimbia. Leo unataka nikabidhi uzee wangu kwa watu wanaodaiwa bilioni tatu na bado wanatembea kifua mbele? Kuna kampuni nyingine ya matunda, ile ng'ambo ya kilima chenu. Yenyewe haidaiwi hata senti. Nimeipenda kabla sijaijua, na nilikuwa nimeshashika kalamu. Nikakumbuka kuwa mdogo wangu ni nyapara wa mashamba na huwa hakosi neno. Haya, sema.

Dada yako,
Mkunga (mstaafu, lakini jaribu kuniita hivyo uone)


14 Aprili

Dada Mkunga, shikamoo.

Barua yako nimemsomea mke wangu kwa sauti. Amecheka mpaka akaketi chini. Anasema wewe na chumvi mtazikwa pamoja.

Tua kalamu kwanza. Nisikilize mimi niliyevaa buti kwenye hilo deni kila siku.

Mparachichi uliobebeshwa, yaani mche ulioungwa kijitawi cha mti bora, hauzai mwaka wa kwanza, wala wa pili. Mwaka wa tatu unakutania, unatoa matunda ya kuhesabu kwa vidole. Mwaka wa tano ndipo unatoa kilo hamsini, na baada ya hapo unapanda tu. Lakini kuchimba shimo, kununua mabomba ya maji, kulipa vibarua, vyote hivyo vinataka fedha siku ile ile unapopanda. Je, fedha hizo zitoke wapi? Ukikopa mkopo wa mwaka mmoja kupanda mti wa miaka mitano, hapo umejichimbia kaburi. Mwenye fedha atabisha hodi mti ukiwa bado hauna hata ua. Kwa hiyo kampuni ilikopa mkopo mrefu kwa ajili ya shamba jipya, lile ninalolisimamia mimi: ekari mia tano, miti elfu arobaini. Mkopo ni wa miaka kumi na mmoja. Miaka sita ya kwanza tunalipa riba tu. Deni lenyewe linaanza kurudishwa Januari ijayo, miti ikiwa na umri wa kubeba mzigo. Deni linatembea na mti, dada. Aliyeandika mkataba ule alikuwa na akili.

Na hao wachumba wako wa ng'ambo ya kilima? Nilipita kwao mwezi uliopita kununua vikonyo, vile vijitawi vya kubebeshea. Hawana deni kwa sababu hawajapanda mti hata mmoja kwa miaka ishirini. Miparachichi yao ni mirefu kama minara, matawi yamekauka nusu, matunda madogo kama ngumi ya mtoto. Bado wanauza, bado wanagawana faida, vitabu vyao ni visafi kama sahani ya harusini. Lakini miaka kumi ijayo watakuwa wanauza kuni. Ukurasa ule wa mizania haukukuambia hilo kwa sababu mti uliozeeka haudai mtu.

Nunua kwetu. Mimi nimepanda mwenyewe, nimebebesha mwenyewe, mikono yangu hii. Wewe ndiye uliyenisomesha kwa mshahara wa wodi. Ningefurahi sana ukila matunda ya kazi yangu, na safari hii sitanii.

Mdogo wako,
Mbishi


29 Aprili

Mbishi,

Umenipata, kalamu nimeshaishika tena, safari hii kwa ajili yenu. Nakiri kwa maandishi, itunze barua hii, hutapata nyingine ya namna hii.

Nilirudi kwa dalali nikamwambia sitaki ukurasa mmoja, nataka taarifa nzima ya mwaka pamoja na yale maelezo ya nyuma yaliyoandikwa kwa herufi za sisimizi. Akavua miwani akanitazama. Akasema katika miaka yote ya kazi yake walioyaomba hawafiki kumi. Nikamwambia mimi nimesoma miandiko ya madaktari, herufi ndogo haziniogopeshi. Nimekaa nayo wiki nzima mezani, na daftari na rula.

Kumbe nilikuwa nauliza swali bovu. Nilikuwa nauliza deni ni kubwa kiasi gani. Dalali akanifundisha kuuliza mengine: linalipwa lini, linalipwa kutoka mfuko gani, na mfuko huo utakuwa umejaa siku hiyo? Basi tazama daftari langu. Kampuni inapata faida ya milioni mia tano kwa mwaka kabla ya riba. Riba ni mia tatu. Inalipika, na kuvuta pumzi mtu anavuta. Lakini kuanzia Januari inaongezeka sehemu ya deni lenyewe, mia sita kwa mwaka. Mia tatu na mia sita ni mia tisa. Faida ni mia tano. Sikuzimia, kwa sababu ukurasa unaofuata mwenyekiti wa kampuni anasema shamba jipya likizaa sawasawa, tani elfu mbili, faida itafika bilioni moja na milioni mia mbili. Vizuri. Hapo linalipika tena. Kwa hiyo, mdogo wangu, deni lote hili limekaa juu ya shamba lako.

Sasa nijibu hili dogo. Msimu uliopita miti yako ilitimiza miaka mitano. Wewe umesema mti wa umri huo ni kilo hamsini. Miti elfu arobaini mara kilo hamsini ni tani elfu mbili, ndizo hizo za mwenyekiti. Lakini taarifa inasema shamba jipya lilitoa tani mia nane. Nimegawanya mara tatu, mara ya tatu kwa kalamu nyingine. Ni kilo ishirini kwa mti. Mwenyekiti anasema ni ukame. Ila mstari wa juu yake unaonyesha mashamba ya zamani yalizaa zaidi ya mwaka wa nyuma. Huo ukame uliruka ua?

Dada yako,
Mkunga


8 Mei

Dada, shikamoo.

Tuko kwenye kupogoa, nakuandikia nimesimama. Mke wangu anakusalimu, mtoto wa katikati ameng'oka jino.

Hizo tani usizishike sana. Mvua ilichelewa, upepo ulipukutisha maua upande wa chini, halafu nyani nao wana sehemu yao. Miti si mashine. Mwaka huu mambo yatakuwa mazuri, ndivyo wote tunavyosema hapa. Kugawanya kwa kalamu ukiwa mezani ni kitu kimoja na shamba ni kitu kingine, usikasirike nikisema hivyo.

Kama una wasiwasi nunua kidogo. Au subiri. Fanya utakavyoona.

Mbishi


15 Mei

Mdogo wangu,

Sijakasirika. Ila nakufahamu tangu ukiwa na meno mawili. Ulipovunja kioo cha kabati ulinieleza habari za mawingu kwa nusu saa nzima. Juzi umeniletea mvua, upepo, nyani na jino la mtoto, na ukasahau kunibishia. Wewe! Hapo ndipo nilirudi kwenye daftari.

Acha nikwambie nilichofanya kazini miaka thelathini na mitatu. Mama analeta mtoto kliniki, kadi inasema ana miezi kumi na minane. Namweka kwenye mizani, uzito ni wa mtoto wa miezi saba. Muuguzi mgeni ataandika utapiamlo na kumkaripia mama. Mimi namfungua mtoto mdomo, naangalia meno, nashika utosi. Mara nyingine mtoto hana shida yoyote, amenona tu vizuri. Kadi ndiyo si yake. Ni ya kaka yake aliyefariki, na mama hakutaka kuomba nyingine. Mtoto ni mzima, umri ndio si wenyewe.

Tani mia nane ukizigawa kwa kilo hamsini ni miti elfu kumi na sita. Iliyobaki elfu ishirini na nne iko wapi? Nadhani ipo, na nadhani ni mizima. Nadhani kadi si yake.

Usiniambie mimi. Nasema kweli, usiniambie. Sitaki kununua wala kukataa kwa siri niliyonong'onezwa na ndugu yangu wakati watu wengine wananunua gizani. Haya niliyoandika nimeyatoa kwenye taarifa ambayo kila mtu anaweza kuisoma, akiwa na rula. Wanaopaswa kuambiwa ni wakubwa wako. Tarehe 10 Juni kampuni inaita watu wanaotaka kununua hisa, na mimi nitakwenda. Kipindi cha maswali kikifika nitasimama niulize umri wa miti ile mbele ya ukumbi mzima. Wanunuzi wengine nao wana viinua mgongo vyao.

Una wiki tatu na ushee. Ningependa wakubwa wako walisikie kwako kabla halijatoka kinywani mwangu. Nakupenda, na nitauliza.

Dada yako


26 Mei

Dada yangu mpendwa, shikamoo.

Barua yako nilikaa nayo siku mbili mfukoni bila kumsomea mke wangu. Sasa nimemsomea, na mengine nimemwambia. Kwako nimechelewa kwa sababu ulisema nianze na wakubwa. Nimeanza nao. Sasa nakueleza wewe kama dada.

Kila kitalu cha shamba kina kibao cha bati chenye mwaka wa kupanda. Yule nyapara mzee aliyenifundisha kazi alinipa sheria moja: kibao hakibadilishwi. Mti ukifa unajazia pengo kwa mche mpya, na mche unaingia kwenye umri wa kitalu kilichoupokea. Zamani hilo halikumdhuru mtu. Inakufa miti mitano kati ya mia, unajazia, nani ahangaike kuandika vibao vipya kwa miti mitano? Kila nyapara hapa anafanya hivyo, na hakuna aliyewahi kuliita uongo.

Mwaka wa tatu zilinyesha mvua zile kubwa. Upande wa chini maji yalituama, mizizi ikaoza. Nilikuwa nikishika mti unakuja wote mkononi. Nikajazia. Elfu moja mwezi huu, elfu moja na mia mwezi ule, mwaka wa tatu na mwaka wa nne wote. Kila mwezi niliandika "kujazia mapengo" kwenye daftari la kitalu cha miche, na kila mwezi idadi ilionekana ndogo. Hakuna aliyejumlisha. Meneja wa wakati ule aliondoka, huyu wa sasa alikuta vibao vyote vinasema mwaka ule ule wa kwanza. Na mimi sikujumlisha, dada. Nilikuwa najua kwamba nikijumlisha sitaipenda jumla. Bonasi yangu ilihesabiwa kwa miti hai ya umri wa kibao. Niliipokea miaka miwili. Bati ulizozisifu juu ya nyumba yangu zimetoka humo.

Lakini jambo linaloniumiza zaidi ya bonasi ni barua yangu ya Aprili. Nilikuandikia kwamba deni linatembea na mti, nikajiona profesa. Sikuwahi kufikiri kwamba yule aliyeandika mkataba alikuwa anasoma vibao vyangu. Mimi nilidhani deni ni mambo ya ofisini na miti ni mambo yangu. Nilikutaka uweke riziki yako yote pale, na nilikuwa najua mahali ninapokanyaga.

Baada ya barua yako nilichukua ndoo za chokaa za kuwekea alama na vibarua kumi. Siku nne tumepita mti kwa mti, ekari mia tano zote, tunaangalia kovu la kubebesha na unene wa shina. Miti ya umri wa kibao ni elfu kumi na tano, mia saba arobaini. Ulikosea kwa mia mbili sitini, ukiwa umekaa mezani na rula. Iliyobaki ina miaka miwili hadi mitatu, na ni mizima kabisa, safari hii nilipanda juu ya matuta. Nilimpelekea meneja hesabu yote ikiwa na sahihi yangu. Alisoma, akafunga mlango, akasoma tena. Akaniuliza kama najua maana yake. Nikamwambia najua, dada yangu amenifundisha: mia tisa inatakiwa na mia tano ndiyo iliyopo.

Sasa niko nyumbani, nimeambiwa nisikanyage shambani mpaka niitwe. Nina hofu, sitakuficha. Lakini nalala.

Usinunue, dada.

Mdogo wako


12 Juni

Mbishi wangu,

Juzi nilifika ukumbini saa moja kabla ya mkutano, nikakaa mstari wa mbele na daftari langu kwenye paja. Nilikuwa nimevaa ile suti ya kijani, na nilikuwa nimejizoeza swali langu mbele ya kioo.

Sikulihitaji. Mkuu wa fedha alisimama kabla ya kitu chochote, mtu mwembamba, sauti inakwaruza. Akasema uuzaji wa hisa umesitishwa. Akasema hesabu mpya ya miti imefanywa, kwamba karibu sehemu tatu kati ya tano za shamba jipya ni changa kuliko ilivyoandikwa, na kwamba faida ya mwaka kesho haitatosha malipo ya deni yatakayoanza Januari. Akasema hesabu hiyo imeletwa na mfanyakazi wa shambani mwenyewe. Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari.

Ukumbi ulichafuka. Mmoja alipiga kelele kwamba kampuni imekufa. Mwingine akasema anajua siku nyingi, wakati alikuwa ameshika fomu ya kununua iliyokwisha jazwa. Dalali wangu alinikamata kiwiko akaniambia, "Mama, ungetia arobaini zako humu, zingekwenda kuziba shimo la benki, na jengo la kupakia ungelisikia redioni." Milioni arobaini, Mbishi. Nilifikia kushika kalamu mara mbili, mara ya kwanza kwa wale wa ng'ambo ya kilima na mara ya pili kwenu, na mara zote mbili ningeumia.

Nikasimama hata hivyo. Nilikuwa nimevaa suti, siwezi kurudi nayo bure. Nikauliza: "Miti hiyo michanga ni mizima?" Mkuu wa fedha akasema ni mizima. "Basi mmeshakwenda kwa mkopeshaji kumwomba asubiri umri wa miti, au mnangoja Januari awaite yeye?" Akasema wamekwenda siku ile ile walipopata hesabu. Akasema mkopeshaji amekasirika lakini amesikiliza. Bila shaka atasikiliza. Akiwabana Januari atajikuta na miti elfu ishirini na nne isiyozaa, na sidhani benki wana watu wa kupogoa.

Fedha zangu nimeziweka kwenye dhamana za serikali za miezi mitatu, zinapata kidogo na hazinikoseshi usingizi. Sijanunua kwenu na sijanunua ng'ambo.

Sasa nipe habari zako wewe. Nilikulazimisha, na kama wamekufukuza nataka kujua kwanza kabla ya watu wengine. Chumba cha nyuma kina vitanda viwili. Nimevitandika.

Dada yako


3 Septemba

Dada Mkunga, shikamoo.

Vitandue. Hatuji, ingawa mke wangu alishaanza kufunga sufuria.

Hawakunifukuza. Unyapara wamenivua, na bonasi za miaka miwili zinakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara. Nilisema ni haki, na meneja alionekana kushangaa kwamba sikubisha. Wamenirudisha kwenye kitalu cha miche, nilikoanzia nikiwa na miaka ishirini. Siku za kwanza vibarua waliona aibu kunisalimia. Sasa wamezoea. Asubuhi nabebesha miche, mchana naandika daftari la miti. Wameamua kila mti uwe na namba yake na mwaka wake, na kazi hiyo wamenipa mimi, kwa sababu meneja anasema hakuna mtu hapa anayeogopa kukosea hesabu kuliko mimi. Vibao vya zamani vyote vimeng'olewa. Yule nyapara mzee alikuja kututembelea akaviona vimelundikwa karibu na stoo, akatikisa kichwa, akaenda zake bila kuaga.

Mkopeshaji amekubali. Miaka mitatu zaidi ya kulipa riba tu, kisha deni linaanza. Ameongeza riba kidogo kwa usumbufu, sasa ni milioni mia tatu thelathini kwa mwaka. Wanatangaza hisa upya mwezi huu. Hisa moja iliyokuwa shilingi ishirini na tano sasa ni kumi na sita. Gawio hakuna mpaka deni lianze kulipwa.

Sikushauri chochote. Safari ile nilikushauri sana.

Mdogo wako,
Mbishi wa miche


20 Septemba

Mdogo wangu,

Hujanishauri, na mimi sikukuuliza. Nimekaa tena na rula.

Nimeipiga hesabu kama mtu asiyekuwa na ndugu huko. Faida mia tano, riba mia tatu thelathini. Imebana kuliko mwanzo, lakini inalipika hata kama shamba jipya halitaongeza tunda moja. Miaka mitatu mbele ndipo mia sita zinaingia. Mti mchanga kabisa kati ya yale majazo yako utakuwa na miaka mitano, na hesabu ya tani nimeifanya kwa kilo arobaini, si hamsini, kwa sababu nimekoma kuamini wapenda miti. Bado inalipika. Deni ni lile lile bilioni tatu lililonitoa macho mwezi wa Aprili. Halijapungua hata senti moja. Mwezi wa Aprili nililikimbia kwa sababu ya ukubwa wake, nawe ukanisifia bila kusema umri wa miti. Sasa najua umri, najua tarehe, na bei imeshuka kwa sababu watu wengi bado wanasoma ukurasa mmoja.

Sijaweka zote. Ishirini zimebaki kwenye dhamana za serikali, hizo ni za kula, na sizigusi hata malaika akiniletea fomu. Gawio halipo kwa miaka mitatu, nalijua hilo. Hospitali wameniomba nifundishe wakunga wapya siku mbili kwa wiki, na nimewaambia nitakuja ila saa yao ya ukutani sitaitumia.

Jumatatu nilikwenda kwa dalali. Alinipa kitabu kipya cha hisa nikakifungua nyuma kama kawaida yangu. Ukurasa wa kumi na nne una jedwali la miti, kitalu kwa kitalu, mwaka kwa mwaka, na mistari ya iliyokufa na iliyojaziwa. Chini ya jedwali wameandika: imehesabiwa mti kwa mti na msimamizi wa kitalu cha miche. Hapo ni wewe. Wakubwa wote wameweka majina yao mbele pamoja na picha zao wakiwa wamevaa tai, na wewe uko ukurasa wa kumi na nne, bila picha, chini ya namba zilizo sahihi. Nimeona fahari, Mbishi. Sijawahi kuona fahari kama ile, hata siku ulipomaliza shule.

Dalali aliuliza kama nahitaji muda wa kufikiri. Nikamsomea ukurasa ule kwa sauti mara mbili, kisha nikamwomba kalamu.

Dada yako,
Mkunga